Uzi Usiooza

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwambie mshono wake umefumuka. Atakuvua hiyo nguo palepale, aikague kwenye mwanga, kisha akuonyeshe kwa kidole kwamba kilichochanika ni kitambaa, mshono wenyewe uko imara. Mteja wake mmoja alinenepa mpaka gauni likampasukia mgongoni katikati ya sherehe, lakini mishono ya ubavuni haikuachia hata kidogo. Fundi alilitundika gauni lile mlangoni pa kibanda chake ili wapita njia wajionee, na mwenye gauni akamnunia moja kwa moja. Mume wa Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu," alisema akijifuta machozi, "mimi nikifa usinishone. Utanishona nishindwe kutoka hata siku ya kiyama."

Sasa mume huyo alikuwa amelala sebuleni, juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja, mabonge ya barafu yamepangwa kumzunguka na feni inampulizia. Na Fundi alikuwa ameshamshona.

Marehemu alikuwa dereva wa gari la taka. Mtaa mzima ulimwita Mzoaji, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Maisha yake yote ya kazi alipeleka taka za mji dampo, na kilichomkera huko si uvundo. Uvundo aliuzoea. Kilichomkera ni vitu vilivyokataa kuisha. Alikuwa akirudi nyumbani, anaoga, anaketi, kisha anaanza: leo tingatinga limefukua chini kabisa likatoa chupa ya shampuu, shampuu ileile aliyokuwa akinunua mama nikiwa mtoto, na bado inang'aa! Fundi aliguna tu huku akikanyaga cherehani. Wenzake waume zao walizungumzia mpira, wa kwake alizungumzia chupa.

Ng'ambo ya korongo, mkabala na dampo, palikuwa na shamba la maziko. Huko hakuna aliyezikwa kwenye sanduku la vanishi, wala kujengewa kwa saruji, wala kuchomwa kwa gesi kama kwenye tanuri la manispaa. Maiti ilikwenda ardhini bila dawa ya kuihifadhi, imefungwa kwa kitu kinachooza, nguo ya pamba au jamvi, na juu yake ukapandwa mche, basi. Siku moja Mzoaji alipita pale kuomba maji ya kunywa, akapiga soga na msimamizi wa shamba, bibi aliyeitwa Mama Miche, mpaka zamu yake ikaisha. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshajichagulia pa kulala.

"Mimi nimezoa visivyoisha tangu ujana wangu," alimwambia Fundi. "Nataka niishe. Niishe kabisa, usibaki hata ukucha. Niahidi."

Fundi alimwahidi akiwa na pini mdomoni, akidhani wana miaka mingi mbele yao ya kulibishania jambo hilo. Juzi asubuhi Mzoaji aliinama mlangoni kuvua buti zake za kazi, na hakuinuka tena.

Maiti ilipokwisha kuoshwa, Fundi aliwatoa watu wote sebuleni akafunga mlango. Alichukua jora la marekani, pamba tupu, isiyotiwa rangi, akakata mfuko mrefu wa kumwingiza mzima mzima na kuutia mishipi ya kubebea pembeni. Hakutia kifungo. Hakutia zipu. Alijipongeza moyoni kwa kuyakumbuka hayo. Na kwa kuwa mishipi ile ingebeba mwanamume mwenye mwili wake, aliuchomoa uzi uliokuwa kwenye cherehani akaweka ule wa kushonea mabegi, uzi mgumu kuliko wote aliokuwa nao. Akapiga mshono, akarudia juu yake, akakunja, akapiga tena. Machozi yalimdondokea kwenye kitambaa na mkono haukutetereka. Kazi ndiyo kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho cha kumfanyia yule mtu, na aliifanya kufa na kupona.

Kabla ya kuufunga mfuko alifanya jambo moja ambalo hakuna aliyeliona. Alivua shingoni futi yake ya kupimia, ya plastiki ya manjano, namba zimefutika nusu, akaiviringisha, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe na kumfumba vidole juu yake. Futi hiyo Mzoaji aliiokota ndani ya gari la taka, mpya, bado iko kwenye kiboksi chake, enzi zile anamfukuzia Fundi na hana mbele wala nyuma. Ilikaa shingoni kwa Fundi ndoa nzima. Hakufikiria kwamba ni plastiki. Alifikiria tu kwamba yule mtu asiende mikono mitupu. Vidole vilikuwa vinaanza kukakamaa, vikaibana futi, na Fundi akahisi kwamba yeye ndiye aliyeshikwa. Akaondoka pale na hisia hiyo, ikamlaza, ikamwamsha.

Kilichochelewesha maziko ni shemeji yake. Shamba la Mama Miche halikumpokea mtu mpaka ndugu wa damu aafiki, na kaka mkubwa wa Mzoaji, ambaye kila mtu alimwita Mwashi, alikuwa anajenga mbali. Alifika jana jioni na vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi. Alizitazama zile meza, akautazama mfuko, akaitazama barafu inayotiririka sakafuni.

"Hii nini, shemeji?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

"Alitaka afungwe kama gunia la viazi?"

Mwashi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Fundi. Nusu ya makaburi ya mji yalijengwa kwa mikono yake, na hata wafiwa waliokuwa na haraka zao walisimama kuyasifu. Njiani kuja, kabla ya kufika kwenye msiba, alipitia kwanza makaburini, akachimba pembeni mwa wazazi wao, akapanga matofali na kuyapiga plasta. Hakuhitaji vipimo. Urefu wa mdogo wake aliujua kwa macho.

"Nimewajengea watu nisiowajua," alisema. "Wengine hata salamu hawakuwahi kunipa. Mdogo wangu ndiye nimkose? Mvua imnyeshee, asiwe hata na jiwe la kuonyesha alikuwepo?"

"Hakutaka jiwe, shemeji. Alitaka kuisha."

"Hakuna mtu anayetaka kuisha! Alikuwa anapiga porojo."

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe Mwashi akakubali shingo upande. "Kesho nampeleka mwenyewe kwa pikapu yangu. Lakini shamba hilo likimkataa, kwa sababu yoyote ile, iwe ndogo vipi, anarudi kwangu. Kwenye lile nililojenga. Na wewe hutafungua mdomo."

"Sitaufungua," Fundi alisema. Angesema nini? Barafu ilikuwa inaisha kila wanapoileta, na harufu ilikuwa imeshaanza, ndogo, ya kujificha, inayokuja ukigeuza kichwa.

Kesho yake walipanga watoke mapema, lakini gari bovu halina msiba. Lilipata pancha, likazibwa, likapata nyingine, na walipoingia kwenye geti la shamba la maziko jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Maji ya barafu yalidondoka nyuma ya pikapu njia nzima. Fundi alikaa huko nyuma pamoja na mumewe, mkono wake juu ya mfuko, mahali alipojua pana kiganja.

Mama Miche aliwapokea akiwa na mabuti ya mpira na udongo kwenye kucha. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole wa maneno. Alimpa Fundi pole kwa kumshika mikono yote miwili, akawaonyesha shimo lililokuwa tayari na mche uliosubiri ndani ya kopo. Kisha akaupitia mfuko kwa kiganja, taratibu, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa kila mgeni. Kwenye mshipi wa kwanza akasimama.

"Nani kashona?"

"Mimi, mama."

"Una mkono." Akaukuna mshono kwa ukucha. "Uzi gani huu, mwanangu?"

Fundi aliinama akautazama mshono wake. Mpishi ukimuuliza amepika nini hakutajii maji. Fundi alikuwa amefikiria kitambaa, kifungo, zipu, rangi, kila kitu, lakini uzi kwake haukuwa kitu. Uzi ulikuwa kazi yenyewe. Mama Miche alivuta kincha cha uzi kilichojitokeza, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba ungeungua ukawa majivu. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu. Bibi aliizungusha punje hiyo kati ya vidole vyake na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Huu hauozi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Mwenyewe ataisha, nguo itaisha, na huu utabaki umechora umbo lake."

"Basi, umesikia mwenyewe, shemeji," Mwashi alisema. Alikuwa ameshaanza kuinua mlango wa nyuma wa pikapu. "Tulikubaliana."

Fundi alikalia ule mlango. Alikaa kwa uzito wake wote, miguu inaning'inia, na mtu mzima yule akabaki ameushika mlango hajui afanye nini.

"Nitaufumua," Fundi alisema. "Nipeni mpaka jua lizame. Mama, nakusihi. Nitautoa wote."

"Utaufumua?" Mwashi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mishono yako wewe?"

Mama Miche alilitazama jua. "Wachimbaji wangu wanaondoka jua likizama, nami nafunga geti. Na mumeo hawezi kungoja usiku mwingine, hilo unalijua. Uzi ukitoka wote, nampokea. Ukibaki hata kidogo, simpokei. Usiniwekee kinyongo. Nikikulegezea wewe, kesho ananijia mwenye sanduku la vanishi." Kisha akauliza swali ambalo huwauliza wote. "Ndani kuna kitu kingine? Pete, meno ya bandia, chochote?"

"Hakuna," Fundi alisema.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri, na lilipokwisha kutoka ndipo akaiona ile futi, manjano, ndani ya kiganja. Angelimeza lile neno lirudi, lakini Mwashi alikuwa amesimama palepale, mkono bado uko kwenye mlango wa gari, anangoja sababu, iwe ndogo vipi.

Akafungua pochi akatoa wembe wake uliokunjwa kwenye kipande cha gazeti, akaanza.

Hakuna mtu aliyewahi kupambana na Fundi kama Fundi alivyopambana na mishono yake jioni ile. Kila uzi aliokata, chini yake ulikuwepo mwingine. Kila kunjo alilolifungua lilificha kunjo. Wembe ulimteleza ukamkata kidole, akakinyonya, akaendelea, damu ikachafua marekani na hakujali, kwa kuwa damu inaoza. Vincha vilivyobaki ndani ya kitambaa ilibidi avitoe kimoja kimoja kwa kucha, vinang'aa, vinateleza, vinarudi ndani. Harufu ilipanda kutoka kwenye mfuko unaofunguka, sasa haijifichi tena, na wachimbaji wakasogea mbali wakijifanya wanapanga makoleo. Fundi alijitukana kwa sauti. Alijiita mjinga, mpumbavu, mwanamke wa kujisifu. Aliitukana mikono yake. Alimtukana na yule mteja mnene na gauni lake.

Mwashi alisimama kando, mikono nyuma, akilitazama jua kama msimamizi wa mafundi anayesubiri zege likauke. Kisha akavumilia mpaka akashindwa. Akapanda nyuma ya pikapu, akachuchumaa upande wa pili wa mfuko, akakamata kitambaa kwa vile vidole vyake vya kokoto na kukivuta kikanyooka.

"Wembe utakata nguo," alinong'ona. "Kata hapa. Nashika tu. Sijasema nimekubali."

Mshipi wa mwisho ulipoachia, mfuko haukuwa mfuko tena. Ulikuwa kitambaa tu kilichomfunika mtu. Mama Miche alikipitia kwa vidole, ukingo kwa ukingo, akatoa kincha kimoja, akatoa na cha pili, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba sasa ni sawa. Jua lilikuwa limebaki kipande. Pakabaki kumfunga, na hapakuwa na uzi.

Fundi alichomoa uzi kwenye kitambaa chenyewe. Alishika ukingo uliokatwa, akavuta nyuzi za pamba moja moja, akazisokota kwa mate na kuzitia kwenye sindano. Zilikuwa dhaifu. Zilikatika akivuta, zikakatika tena, mpaka akalazimika kushona kwa kulegeza, mishono mirefu, mibovu, ambayo mwanafunzi wake angeipiga angemfukuza kibandani. Alishona kuanzia miguuni akipanda. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mama Miche alikuwa amegeuka kuwaita wachimbaji na kamba zao za katani, Mwashi anautazama uso wa mdogo wake uliofunuliwa, usio tena uso ule aliouzoea. Ilibaki kufunga ubavuni, mahali pa mkono. Mishono michache tu, na mambo yangekwisha. Asingejua mtu.

Sindano ilisimama.

Aliliona tingatinga. Aliliona wazi, siku isiyojulikana, wote waliopo hapa wameshasahauliwa, limefukua chini kabisa na kutoa utepe wa manjano, na mtu asiyemjua anauinua juu na kumwambia mwenzake kwamba bado unang'aa.

"Kuna kitu," Fundi alisema. "Nilidanganya. Ana futi mkononi. Ni ya plastiki. Niliiweka mimi."

Mama Miche aligeuka. Mwashi aliinua macho. Fundi hakumtazama hata mmoja wao, kwa maana angemtazama Mwashi angemwomba, na alikuwa ameapa hatafungua mdomo. Alipenyeza mkono chini ya kitambaa, akautafuta ule mkono wa baridi, akajikaza ili avikunjue vile vidole kimoja kimoja kwa nguvu, vile vilivyombana juzi.

Havikubana. Vilifunguka vyenyewe, laini, kama vya mtu aliyepitiwa na usingizi na kitu mkononi. Futi ikateleza ikamwangukia kiganjani.

"Hukuishika," alisema. Alisema polepole kwanza, hajaelewa. Kisha akaelewa. "Umeachia! Umeniachia lini? Mimi nimekaa na mkono huu njia nzima, nakuambia maneno, kumbe umeshaniachia!" Akamwangukia kifuani, akalia kilio ambacho hakukilia tangu zile buti zilipobaki mlangoni, kilio kikubwa, kibaya, cha mtu asiyejali nani anasikia. Mama Miche alitaka kumwinua. Akaacha, akamtazama Mwashi.

Ni yeye sasa aliyekuwa na neno. Alikuwa na sababu mkononi, tena si ndogo. Kule mjini plasta yake ilikuwa imekauka vizuri. Alilitazama jua, akamtazama mdogo wake, akaitazama ile futi ya manjano inayoning'inia kwenye mkono wa shemeji yake aliyekuwa akilia. Kisha akavua viatu, akavipanga pamoja ukingoni, akashuka shimoni.

"Mleteni," alisema kutoka chini. "Mimi ndiye nitakayempokea."

Fundi alipiga mishono iliyobaki bila kuiona. Walimshusha kwa ubao na kamba za katani, na alipofika kwenye mikono ya kaka yake mshono wa begani ukaachia. Mkono wa Fundi uliruka wenyewe kuushika, sindano bado iko vidoleni, naye akaurudisha nyuma ule mkono. Bega lilionekana kidogo. Udongo ukalifunika.

Hawakumwekea tuta, shamba lile halina matuta. Mche ulipokwisha kupandwa, Mwashi alipiga magoti akaanza kuusawazisha udongo kwa viganja, huku na huku, kama anavyosawazisha plasta, akitafuta mahali palipoinuka.

"Acha, baba," Mama Miche alimwambia. "Mvua ya kwanza itauvuruga."

"Najua, mama." Lakini hakuacha.

Fundi alisimama akimngoja. Mkono ulikuwa umeirudisha futi shingoni kwa mazoea bila yeye kujua, na sasa harufu ya mumewe, ile ya mwisho, ilimpanda puani kila alipopumua. Alijua haitatoka upesi kwenye plastiki. Alijua pia kwamba Mzoaji angeisha kama alivyotaka, kisha yeye mwenyewe, na Mwashi, na mche huu ukishakuwa mti, na kwamba kitu hiki kilichookotwa kwenye taka ndicho kingewazika wote. Hakuivua.